Chumba, choo na LUKU: sera ya nyumba ianzie uani

Serikali ikizungumzia makazi huhesabu nyumba. Mtu anayehamia Musoma huulizia chumba. Ukishuka stendi ya Bweri na begi lako, ukamwambia dalali unatafuta pa kuishi, swali lake la kwanza ni kama unataka chumba kimoja, chumba na sebule, au masta yenye choo ndani. La pili ni kama una kodi ya miezi mitatu au sita mkononi. Shirika la Nyumba la Taifa hutalisikia likitajwa. Utapelekwa Nyasho, Kamunyonge, Nyakato, au Makoko kule ufukweni, kwa mama mwenye nyumba aliyeongeza vyumba vinne nyuma ya nyumba yake. Hapo ndipo unapokutana na nyumba ya umma ya mji huu: ua mmoja, choo kimoja, bomba moja, mita moja ya LUKU, na familia tano au sita zisizo na undugu.

Naiita nyumba ya umma kwa makusudi. Kaijenga mtu binafsi, kwa fedha ya kuungaunga, bila mkopo wa benki na mara nyingi bila ramani iliyopitishwa. Lakini ndiyo inayoupokea umma: mwalimu wa ajira mpya, bodaboda, muuguzi wa mkataba, kijana wa mwaloni, mjane aliyetoka Majita kutafuta biashara. Tukitaka kuwasaidia watu wa kipato cha chini mjini, kazi ianzie hapo walipo, kwenye vile vitu wanavyochangia kila siku. Mimi nimekuwa kwenye fani ya mipango miji kwa muda mrefu, na nimeona jinsi tunavyochora maghorofa kwa ustadi mkubwa huku choo cha watu ishirini na tano kikibaki suala la wapangaji na Mungu wao.

Tuanze na hesabu. Sensa ya 2012 iliikuta Manispaa ya Musoma ina watu 134,327. Ile ya 2022 iliwakuta 164,172. Ongezeko ni la watu 29,845 katika miaka kumi. Ukigawa kwa kaya ya watu wanne hadi watano, unapata kaya mpya kati ya 600 na 750 kila mwaka, zinazohitaji paa mahali fulani ndani ya mji ambao upande mmoja umezibwa na ziwa. Kumbuka namba hiyo, 600 hadi 750 kwa mwaka, tutairudia.

Waliopokea watu hao wote ni wenye nyumba. Hakuna mpango wa Serikali uliojenga paa 600 Musoma kwa mwaka mmoja, wala hautegemewi kesho. Kwa miaka mingi jina la Makoko lilibebwa na taasisi: Seminari ya Mtakatifu Pius wa Kumi, na shule ya lugha ya Wamaryknoll ambako wamisionari na wageni wengine walijifunza Kiswahili tangu miaka ya 1960. Mtu akisema anakwenda Makoko, ulidhani anakwenda kwa mapadri. Sasa kata hii imo kwenye mkondo uleule unaozikuta kata zote za pembezoni mwa mji unaokua: shamba linakatwa viwanja, kiwanja kinajengwa chumba kimoja cha kuanzia, chumba kinazaa vyumba, na baada ya miaka michache kuna ua wenye milango saba inayotazamana.

Ua huo una mpangilio ambao kila Mtanzania wa mjini anaujua bila kufundishwa. Nyumba kubwa ya mbele ina korido katikati na vyumba vitatu kila upande. Nyuma kuna safu ya vyumba vya nje, jiko ambalo siku hizi limegeuzwa kuwa chumba kingine, bafu la mabati, na choo pembeni. Katikati ni uwazi. Pale panafuliwa, panapikwa, panalelewa watoto, panasukwa nywele, panaanikwa nguo, na kwa watu wa ziwani panatandazwa pia dagaa. Mwanamke anayenunua dagaa wabichi mwaloni alfajiri anahitaji jua na mita chache za ardhi kavu. Asipovipata, mtaji wake unaoza kabla ya saa saba mchana. Kwake uani ni kiwanda. Mchoraji wa ramani anayeona pale nafasi iliyopotea, inayofaa kujengwa vyumba viwili zaidi, anamfungia mwanamke huyo kazi yake.

Na ua una serikali yake. Kuna zamu ya kufagia na ya kusafisha choo. Kuna daftari la umeme, ambalo mara nyingi hushikwa na mpangaji mkongwe. Kuna saa ya kufunga geti. Mkurya wa Tarime, Mjaluo wa Rorya, Mjita na Mkerewe wanaishi ukuta kwa ukuta, na ugomvi wao mkubwa hausababishwi na kabila. Unasababishwa na nani ana friji, nani anapiga pasi, nani ana wageni wanaooga mara mbili, na nani hajafagia wiki hii. Yapo mengi ya kusifu katika maisha haya. Mtoto hulelewa na wengi, mgonjwa hupata wa kumchemshia uji, aliyefiwa hufungiwa turubai kabla ndugu zake hawajafika. Lakini undugu wa uani umebebeshwa mizigo iliyotakiwa kubebwa na sheria, na mzito kuliko yote upo kwenye lile kasha la LUKU ukutani.

Chukua ua wa wapangaji sita. Kila mmoja ana taa mbili, redio, simu za kuchaji, pengine televisheni. Tuseme kila mmoja anatumia uniti 20 kwa mwezi. Huyo ni mtumiaji mdogo kwa kipimo chochote. Mita inasoma uniti 120. Bei za umeme zilizopangwa na EWURA mwaka 2016 zina daraja la D1, lililowekwa kwa ajili ya watumiaji wadogo: uniti 75 za kwanza kwa mwezi ni shilingi 100 kila moja, na kila uniti inayozidi hapo ni shilingi 350, kabla ya kodi na tozo. Ua wetu utalipa shilingi 7,500 kwa uniti 75 za mwanzo na shilingi 15,750 kwa 45 zilizobaki. Jumla ni 23,250. Watu walewale wangekuwa na mita sita, kila mmoja angelipa 2,000, na jumla yao ingekuwa 12,000. Na mita inayozidi mara kwa mara huishia daraja la T1, ambako uniti ni shilingi 292 tangu ya kwanza. Huko uniti 120 ni shilingi 35,040.

Soma tena hizo namba tatu: 12,000, 23,250 na 35,040. Umeme ni uleule, watu ni walewale. Nafuu iliyotungwa kwa ajili ya maskini inamfikia mtu anayeishi peke yake kwenye nyumba yake yenye mita yake, awe na kipato gani, na inampita mpangaji wa chumba kimoja, kwa sababu mita inahesabu kuta wala haihesabu kaya. Sidhani kuna aliyekaa ofisini akapanga kumwumiza mpangaji. Walifikiria nyumba, hawakufikiria chumba.

Juu ya hapo ikaja kodi ya majengo. Tangu Agosti 2021 kodi hiyo hukatwa kupitia LUKU, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na kuanzia Julai 2023 ikapanda kuwa 1,500. Kisheria ni kodi ya mwenye jengo. Kivitendo inalipwa na yule anayeweka namba za tokeni tarehe moja. Serikali ilieleza kwamba mpangaji amalizane na mwenye nyumba wake, akate kwenye kodi ya pango. Yeyote aliyewahi kupanga chumba anajua mazungumzo hayo yanakwishaje. Shilingi 1,500 ikigawanywa kwa watu sita ni 250, na hakuna atakayeitwa mgomvi kwa ajili ya 250. Ndivyo mzigo unavyohama kimyakimya kutoka kwa mwenye mali hadi kwa asiye na mali.

Kila mpangaji awekewe mita yake, basi? Tangu Januari 2022 gharama ya kuunganishiwa umeme mjini, kwa mteja wa karibu asiyehitaji nguzo, ni shilingi 320,960. Kijijini ni 27,000. Hakuna mwenye nyumba wa Makoko atakayelipa mara sita ya kiasi hicho ili wapangaji wake wapate nafuu ya elfu moja na kitu kwa mwezi. Wanaojiweza hununua mita ndogo za ukutani, zile zinazoonyesha kila chumba kimekula kiasi gani, na mita hizo hakika zimeokoa urafiki mwingi. Haziondoi bei ya juu, kwa sababu TANESCO inaiona mita kubwa tu. Dawa iko mezani kwa EWURA: nyumba yenye vyumba vya kupanga isajiliwe na idadi ya kaya zake, na kizingiti cha uniti 75 kizidishwe kwa idadi hiyo. Kaya sita, uniti 450. Uthibitisho unaweza kutolewa na ofisi ya serikali ya mtaa, ambayo tayari inapaswa kuwajua wakazi wake. Hakuna haja ya kujenga chochote.

Choo ni jambo gumu zaidi. Musoma imekaa juu ya miamba, yale mawe makubwa ya matale ambayo mgeni huyapiga picha. Mchimba choo hayapigi picha. Akishuka mita mbili tatu anakutana na jabali, na kumwambia mwenye nyumba achimbe zaidi ni kumwambia alete mashine na mafundi wa kupasua mawe. Matokeo yake ni mashimo mafupi yanayojaa haraka, na gari la kunyonya majitaka ni gharama ambayo wapangaji na mwenye nyumba hutupiana mpaka hali iwe mbaya. Mpangaji anasema choo ni sehemu ya nyumba niliyoikodi. Mwenye nyumba anasema mmejaza nyinyi. Wote wana hoja, na hakuna karatasi inayosema nani ana haki.

Ufukweni mambo yanaongezeka uzito. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Mei 2020 Ziwa Victoria lilifika kina ambacho hakikuwahi kurekodiwa, likapita rekodi ya 1964, na kote kulizunguka maji yaliingia kwenye nyumba, bustani na vyoo vya watu waliojenga karibu mno. Choo kilichozama hakiishii kwa wenye choo. Maji ya Musoma yanatoka ziwani humohumo, na mji mzima unakunywa matokeo ya kila shimo linalovuja. Kwa hiyo nikisema choo cha uani ni suala la umma, nina maana ya moja kwa moja kabisa. Halmashauri inayoweza kuruzuku dampo la taka ngumu inaweza pia kuruzuku safari za gari la majitaka kwa nyua zenye kaya zaidi ya nne, kwa ratiba, kama taka zinavyochukuliwa.

Hapa msomaji anaweza kuuliza: Serikali haijawahi kujenga? Imejenga, na historia hiyo inafaa kukumbukwa hasa katika mkoa uliomtoa Mwalimu Nyerere, aliyetoka Butiama na kuanza shule hapahapa mjini, Mwisenge, mwaka 1934. Shirika la Nyumba liliundwa 1962, nchi ikiwa haijatimiza mwaka mmoja wa uhuru. Kazi yake ya kwanza kubwa ilikuwa kubomoa vibanda na kujenga nyumba za gharama nafuu, Magomeni ya Dar es Salaam ikiwa mfano. Mwaka 1971 majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yalitaifishwa na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba, ambaye mwaka 1990 aliunganishwa na Shirika. Benki ya Nyumba ilianza 1973 ikafa 1995. Na kuanzia 2002 Serikali iliuza maelfu ya nyumba zake kwa watumishi waliokuwa wakiishi ndani yake. Wanunuzi walipata haki yao. Lakini watumishi waliopangiwa vituo baada yao walikuta kota hazipo, wakaenda kuulizia chumba kwa dalali. Mji mdogo wa mkoa ulipoteza kwa kalamu moja nyumba za umma ambazo ulikuwa umekusanya kwa miongo.

Sura ya karibuni ya historia hiyo ni Magomeni Kota. Kaya 644 ziliondolewa, nyumba zao zikabomolewa, eneo likakaa tupu kwa miaka. Rais Magufuli aliahidi ujenzi Oktoba 2016, Wakala wa Majengo ukajenga maghorofa yenye nyumba 656, na Rais Samia akayazindua Machi 23, 2022. Ni kazi nzuri na wale wazee walistahili kurudi kwao. Lakini rudi kwenye ile hesabu yetu. Nyumba 656, zilizogharimu zaidi ya shilingi bilioni 50 na kuchukua miaka kadhaa kukamilika, ni mahitaji ya Musoma kwa mwaka mmoja tu. Nani atakayejenga Magomeni Kota moja kila mwaka Musoma, achilia mbali Bunda, Geita, Kahama na Songea?

Na hata ghorofa likijengwa, ua hauishi, unapanda ngazi. Vitu vya kuchangia vinabaki: lifti, pampu ya maji, korido, paa, tangi, mahali pa kuanika. Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2008 ililiona hilo ikataka wenye sehemu waunde umoja wa kusimamia maeneo ya pamoja na kuyachangia. Ni sheria nzuri iliyoandikwa kwa wenye hati. Mpangaji hana kiti kwenye umoja huo.

Majirani wametuonyesha njia na makosa. Addis Ababa, ilipoanza mpango wake mkubwa wa kondominia katikati ya miaka ya 2000, iliwajengea wakazi majengo ya pamoja pembeni ya maghorofa: mahali pa kuokea injera, kuchinjia kondoo wa sikukuu, kufulia. Wataalamu wao wa mipango miji walielewa kwamba moshi wa injera na damu ya kondoo haviwezi kupandishwa ghorofa ya nne. Majengo hayo hayakutumika vizuri kila mahali, na mpango ule una lawama nyingine nyingi, hasa kuwapeleka watu mbali na riziki zao. Hata hivyo walijiuliza swali ambalo sisi hatujiulizi: kazi za uani zitakwenda wapi? Nairobi, wakazi wa Soweto Mashariki ya Kibera walipohamishiwa maghorofa ya muda ya Lang'ata mwaka 2009, nyumba moja ya vyumba vitatu iligawanywa kwa familia tofauti, zikichangia jiko na choo. Yaani walijengewa nyumba ya familia moja wakaishi kwa mtindo wa ua, bila ua. Na Zanzibar, Michenzani, mradi mkubwa wa Mzee Karume, watu waliteremsha baraza zao chini ya majengo, wakaweka biashara na mazungumzo pale ambapo mchoraji aliacha nafasi tupu kati ya jengo na barabara.

Kwa Makoko somo bora zaidi liko nyumbani, na ni la zamani. Mwaka 1972 Serikali iliona kwamba kubomoa na kujenga hakutawahi kukimbizana na watu, ikageukia mpango wa viwanja na huduma. Kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kuanzia 1974, ilipima viwanja, ikachonga barabara, ikachimba mifereji na kuleta maji, kisha ikawaachia watu wajenge wenyewe. Sinza, Kijitonyama na Mikocheni zilizaliwa hivyo, na Mwanza na Mbeya zikapata sehemu yao. Mpango ule ulikuwa na kasoro. Viwanja vingi viliangukia mikononi mwa wenye uwezo kuliko waliokusudiwa. Lakini nenda Sinza leo uone ilivyo. Viwanja ni vidogo, barabara inapitika, na nyuma ya kila nyumba kuna vyumba vya kupanga. Maelfu ya vijana wa Dar es Salaam walianzia maisha pale. Dola haikujenga chumba hata kimoja kati ya hivyo, ila iliandaa mahali ambapo vyumba vingeweza kujengwa bila kufunga njia ya gari la zimamoto wala la majitaka.

Tangu wakati huo tumefanya kinyume. Tunasubiri watu wajenge kwanza, halafu tunakuja na urasimishaji. Mpango wa urasimishaji wa 2013 hadi 2023 ulitoa hati kwa watu wengi, na hati ni ulinzi. Ila kupima baada ya kujenga kunapima yaliyokwisha haribika: njia ya mita mbili inabaki ya mita mbili, mfereji hauna pa kupita, na kipande cha shule kimeshauzwa. Na katika zoezi lote hilo mpangaji haonekani. Ramani inaandika kiwanja na jina la mmiliki. Kaya sita za nyuma hazimo.

Sheria nayo haimwoni. Sheria ya Kudhibiti Kodi za Pango ya 1984 ilikuwa na mabaraza yake na ilimzuia mwenye nyumba kumtoa mpangaji bila amri. Ilifutwa 2005, kwa hoja kwamba inawakatisha tamaa wawekezaji. Huenda ilihitaji kufutwa. Kodi zilizogandishwa kwa sheria huua matengenezo, na majengo ya Msajili yalikuwa ushahidi wa hilo. Kosa ni kwamba hatukuweka kitu badala yake kwa ajili ya mtu wa chumba kimoja. Anayefukuzwa leo anaambiwa aende Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Atakwenda na nini? Mkataba wake ni meseji ya simu na risiti ya M-Pesa. Atakapomaliza kuulizia gharama za kufungua shauri, vitu vyake vitakuwa nje na mpangaji mwingine ameshalipa miezi sita.

Hiyo miezi sita nayo inahitaji kusemwa wazi. Mtu anayelipwa kwa siku, muuza samaki au bodaboda, anatakiwa kuwa na akiba ya nusu mwaka ili apate pa kulala, pamoja na kodi ya mwezi mmoja ya dalali. Mawaziri wa ardhi wamelikemea jambo hili kwa nyakati tofauti, na matamko yamebaki matamko. Lakini kabla hatujamgeuza mwenye nyumba kuwa adui, tumtazame. Wengi wao ni wastaafu na wajane. Kodi ya miezi sita ndiyo mkopo wao wa ujenzi. Kwayo wananunua mabati ya chumba kinachofuata. Mikopo ya nyumba ya benki inamtaka mtu mwenye mshahara na hati, na haijaundwa kwa mama anayetaka kuongeza vyumba viwili na choo cha kumwaga maji. Ukimkataza kuchukua miezi sita bila kumwonyesha fedha nyingine, ataacha kujenga, na wa kwanza kuumia ni mpangaji.

Kwa hiyo ningependa tumpe kitu tumdai kitu. Halmashauri hutenga sehemu ya mapato yake ya ndani, asilimia 10, kwa mikopo isiyo na riba ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Wizara inaweza kuruhusu sehemu ya fedha hiyo ijenge vyoo na vyumba vya kupangisha, kwa masharti matatu: kodi ilipwe kwa mwezi au kwa miezi mitatu isizidi, kila vyumba vinne viwe na choo kimoja kinachonyonyeka, na mkataba wa ukurasa mmoja ugongwe muhuri ofisi ya mtaa. Mkataba huo useme nani analipa gari la majitaka, nani anashika LUKU, kodi ya majengo inakatwa wapi, na notisi ni ya siku ngapi. Mambo manne hayo yangemaliza sehemu kubwa ya kesi ambazo wenyeviti wa mitaa husuluhisha barazani kwao jioni, bila posho na bila kifungu cha kusimamia.

Wenyeviti hao walichaguliwa Novemba 2024, na wapangaji walikuwa na haki ya kuwapigia kura kama mkazi mwingine yeyote. Ni jambo la kusikitisha kwamba wapangaji wengi hawahudhurii mikutano ya mtaa. Wanajiona wapita njia hata wakiwa wamekaa miaka minane kwenye ua mmoja. Wenye nyumba huhudhuria, na maamuzi ya barabara, mfereji na kizimba cha taka hufuata sauti zao.

Makoko bado ina nafasi ya kufanya hili kwa mpangilio sahihi, jambo ambalo Nyasho na Kamunyonge hazina tena. Madiwani wa Manispaa ya Musoma watenge fedha ya kupima viwanja vidogo Makoko katika bajeti ijayo, wapitishe barabara na mifereji kabla ya tofali la kwanza, waziache mita 60 za ziwa ziwe za wote, na waruhusu wazi, kwenye michoro, nyumba ya vyumba yenye ua wa kutosha kuanikia dagaa. Wabunge wa Mara wapeleke EWURA hoja ya kuhesabu kaya badala ya mita. Na wewe mpangaji, mkutano wa mtaa ukiitishwa, nenda. Beba lile daftari la umeme, uwasomee namba.